Nilivyopata wakopeshaji wa kumalizia pagale la Mapinga, na mtu mmoja niliyesahau kumuuliza

Salaam wakuu, wachangiaji na nyie mnaosoma kimya kimya.

Mimi ni wa hilo kundi la pili. Miaka yote naingia humu, nachota maarifa ya watu, natoka bila hata kusema ahsante. Leo nalipa kidogo.

Nitakayoeleza yamenipata mimi mwenyewe. Wahusika wote wapo hai na wengine wana simu zenye bando kuliko mimi, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi nitaumbuliwa humu humu. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kama unatafuta uzi wa kutajirika kabla ya mwisho wa mwezi, huu utakuchosha. Wengine vuteni kiti.

Nina mtoto mmoja, namlea mwenyewe. Nafanya kazi mapokezi kwenye lodge moja hapa Bagamoyo mjini.

Ukikaa mapokezi unasikia shida za watu. Mgeni analala siku mbili, siku ya tatu anakuja kuegemea kaunta, anashusha sauti: "Dada, huwezi kunitafutia chumba cha kupanga? Kisafi tu, choo kiwe ndani."

Muuguzi amepangiwa kituo kipya. Mwalimu amehamishwa kutoka bara. Vijana wa makampuni ya ujenzi wana kazi ya miezi sita na wamechoka kulala lodge.

Nilikuwa nawajibu sijui. Siku moja nikajiuliza, hivi wote hawa ninaowaambia sijui, wanaenda wapi?

Wanaenda kupanga vyumba ambavyo choo kipo uani na maji ni ya kubeba, kwa sababu hakuna vingine. Hapo ndipo wazo la nyumba ya kupangisha liliponiingia.

Sasa nyumba utajenga na nini? Viwanja vya barabara ya Dar, kuanzia Mapinga, Kerege, mpaka Zinga, vimeshapanda. Watu wa mjini wananunua, wanazungushia ukuta, wanaondoka. Mshahara wa mapokezi hapo unapita kama abiria.

Lakini nilitaka nijue bei kwa macho yangu. Siku ya mapumziko nikaenda Mapinga, nikampata dalali, akanitembeza. Kiwanja cha kwanza ghali, cha pili ghali na kina bonde, cha tatu ukifika unajiuliza kama bado upo Mapinga.

Tukiwa tunarudi tukapita kwenye pagale. Kwa wasiolijua neno hili, pagale ni nyumba iliyoishia njiani. Kuta zimesimama, limefika lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, halina paa, ndani majani yamekufika kiunoni. Vyumba vinne na sebule, matofali yamenyooka vizuri kabisa. Nguzo ya umeme ipo jirani.

Nikauliza, hili ni la nani?

Dalali akasema, "La mama mmoja nesi mstaafu. Mumewe amefariki. Hataki kuuza, lakini atachoka tu. Akichoka nitakupigia."

Neno "atachoka tu" lilinikaa vibaya. Wiki iliyofuata nikarudi peke yangu, bila dalali. Nikauliza kwa majirani, nikaelekezwa chumba alichopanga huyo mama, nyuma kidogo ya pagale lake mwenyewe.

Tumwite Bi Zuhura.

Nilipomwamkia akanitazama, akaniuliza wewe mtoto wa nani. Nikamtaja mama yangu. Akacheka. Kumbe ndiye aliyekuwa anatuchoma sindano zahanati tulipokuwa wadogo. Akanikumbusha jinsi nilivyokuwa nakimbia. Mimi sikumbuki, ila sikubisha.

Nikamweleza nilichofuata. Sina pesa ya kununua na sijaja kununua. Nataka tulimalize pagale lake. Mimi nitafute fedha za paa, plasta, maji na umeme, nitafute wapangaji, nisimamie. Nyumba ibaki yake. Kodi kwanza ilipe deni la ujenzi huku yeye akipata kiasi cha kujikimu, deni likiisha tugawane kwa miaka tutakayokubaliana, baadaye nimkabidhi yote.

Bi Zuhura akaligeukia pagale lake. Halafu akasema, "Yale matofali amefyatua marehemu kwa mikono yake. Kila dalali anayekuja hapa ananiambia yabomolewe, ijengwe nyumba ya kisasa. Wewe ndiye wa kwanza kusema yamaliziwe."

Tukakubaliana. Tukaandikishana kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mashahidi wawili. Nikarudi Bagamoyo najiona tajiri.

Wakuu, kosa lilikuwa limeshafanyika hapo. Endeleeni kusoma.

Sasa tuje kwenye wakopeshaji, maana najua wengi ndicho mlichofuata.

Nilianza benki. Kijana wa mikopo alinipokea vizuri, akaniuliza maswali ya maana. Tatizo likawa moja tu. Nyumba si yangu, na haina hati miliki, ina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa. Akaniambia, "Dada yangu, mradi wako mimi nauelewa. Mfumo ndio hautauelewa."

Sikumchukia. Alinishauri nianze kwenye chama cha akiba na mikopo nipate historia. Ushauri wa bure, na ulikuja kunifaa.

Ila binadamu tuna haraka. Kabla ya kufuata ushauri wake nikapita kwenye ofisi moja ya mikopo ya siku hiyo hiyo, zile ambazo watu mtaani wanaziita kausha damu. Hapo hawakuuliza mradi wala wapangaji. Wakaniuliza nyumbani nina friji, nina tivii, kadi ya benki ya mshahara iko wapi. Halafu wakasema pesa naipata kabla ya adhuhuri, ila niache karatasi halisi ya kiwanja cha Bi Zuhura, na nisaini fomu ya mauziano ambayo sehemu ya bei ilikuwa wazi.

Karatasi ile ilikuwa kwenye mkoba wangu. Bi Zuhura alinipa nikaonyeshe benki.

Nikamwambia yule dada wa ofisini naenda kutoa kopi. Nikatoka, na sikurudi. Jioni hiyo hiyo nikapeleka karatasi Mapinga, nikamkabidhi mwenyewe mkononi, nikamwambia asimpe tena mtu yeyote, hata mimi. Kuanzia hapo nimetembea na kopi.

Baada ya hapo nikatulia, nikafanya kilichokuwa mbele ya macho yangu siku zote.

Pale mjini kuna SACCOS ya wafanyakazi wa hoteli na wafanyabiashara wadogo. Nilikuwa mwanachama kwa miaka kadhaa, naweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya shule ya mtoto, na sikuwahi kuomba hata mkopo wa dharura. Utaratibu wao unaruhusu kukopa mpaka mara tatu ya akiba yako, ukiwa na wadhamini wawili ambao nao ni wanachama.

Mdhamini wa kwanza alikuwa Kidawa, mpishi wetu wa lodge. Kidawa anaongea huku anakata vitunguu, na hakutazami. Akaniuliza, "Ukishindwa kulipa, wanakuja kwangu?"

Nikasema ndiyo.

"Basi usishindwe," akasema, akanawa mikono, akasaini. Wa pili alikuwa mlinzi wetu wa mchana, ambaye alisaini kwa sababu Kidawa amesaini.

Kamati ikaja Mapinga kuliona pagale. Watu watatu, wamevaa viatu vizuri, wakaingia kwenye majani. Mama mmoja wa kamati akaniuliza, "Nani atakuja kulala huku?" Nikamtolea majina na namba za wageni walioniomba vyumba. Nilikuwa nimeanza kuwaandika tangu siku ile nilipojiuliza wanakwenda wapi. Akapiga namba mbili pale pale, tumesimama. Wote wawili wakasema chumba kikiwa tayari wanahamia.

Mkopo ukapitishwa. Lakini ulitosha mafundi, plasta na maji. Paa lilikuwa bado halina mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokutana na Bwana Hemedi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi njia ya kuingia mtaani. Nilimwendea kuomba anikopeshe pesa ya mabati. Akasema, "Mimi sikopeshi pesa. Pesa ikizaa pesa, mimi simo. Nauza bidhaa."

Halafu akaniambia bei mbili. Bei ya kulipa taslimu, na bei ya kulipa kwa miezi kumi na mbili. "Chagua kabla hujabeba. Ukishachagua haibadiliki, hata ukichelewa sikuongezei. Ila ukichelewa bila kuniambia, hatutafanya biashara tena, na mtaa mzima utajua kwa nini."

Nikachagua ya miezi kumi na mbili. Akaja kuliona pagale mwenyewe, akagonga kuta, akamwamkia Bi Zuhura, akaulizia marehemu alikuwa mtu gani. Kesho yake mabati yakaletwa, yakapangwa sebuleni, mbao zikawa zinafuata.

Kabla mbao hazijafika, Idrisa akafika.

Nilikuwa saiti na fundi. Gari dogo likasimama, akashuka mwanaume wa makamo, ovaroli ina mafuta, hakusalimia. Akaingia mpaka sebuleni, akayatazama mabati, akauliza, "Nani kawapa ruhusa kwenye nyumba ya baba yangu?"

Nilidhani amekosea nyumba, kwa sababu Bi Zuhura aliniambia hakujaaliwa mtoto. Ni kweli hakujaaliwa. Lakini marehemu alikuwa na watoto wawili wa mke wa kwanza: Idrisa, fundi wa malori Chalinze, na mdogo wake Rukia, ameolewa Mkange, analima. Sikuuliza, na Bi Zuhura hakusema.

Idrisa hakupiga kelele. Aliongea taratibu, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Akasema kazi isimame, na atakayeendelea watakutana mahakamani. Akaondoka bila kupita kwa Bi Zuhura, ambaye chumba chake kilikuwa hatua chache tu kutoka pale.

Nikamfuata Bi Zuhura. Nilimkuta amekaa kitandani, amesikia yote. Akasema, "Yule hajanisemesha tangu arobaini ya baba yake."

Nikamuuliza mirathi ilifunguliwa? Akasema hapana. Hakuna aliyeifungua. Kila mtu alikwenda zake na msiba wake.

Wakuu, nilimwendea maalim wa mtaani kwetu anifafanulie. Akaniambia mume akifariki ameacha watoto, fungu la mke ni thumuni. Moja ya nane.

Yaani mkataba wangu wote, na wadhamini wangu, na mabati ya watu, nilikuwa nimeandikishana na mtu ambaye kwa hesabu ya mirathi ana sehemu moja katika nane za nyumba ile.

Nililala vibaya siku zile. SACCOS waliposikia wakasimamisha fedha. Sikuwalaumu, nami ningefanya vile. Kidawa hakunigombeza. Aliendelea kukata vitunguu, akauliza kitu kimoja tu: "Mimi friji yangu nianze kuiaga?" Nikajaribu kucheka, kikatoka kilio. Akaacha kisu, akanishika bega. Kidawa si mtu wa kushika watu.

Bwana Hemedi nilimwendea mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Nikamwambia yote. Akafikiri, akasema, "Mabati yarudi dukani, hayaozi. Mbao sitoi. Saa yako ya kulipa haitaanza kuhesabiwa mpaka bati la kwanza lipigwe msumari." Halafu akaongeza, "Umemfuata huyo kijana?"

Nikasema yeye ndiye aliyekuja.

"Alikuja kwenye nyumba. Wewe umemfuata yeye?"

Siku yangu ya mapumziko nikapanda gari mpaka Msata, nikaunganisha Chalinze.

Chalinze mnaijua. Malori yamepanga foleni, moshi wa mishikaki, honi. Nikauliza fundi Idrisa, nikaonyeshwa miguu miwili inayotokeza chini ya lori.

Nikachuchumaa nikasema, "Shikamoo kaka."

Sauti ikatoka chini ya lori, "Marahaba. Subiri nifunge nati."

Alipotoka akanitambua, uso ukabadilika. Lakini nilikuwa nimeshaamkia na yeye ameshaitikia, na kwetu pwani ukishaitikia huwezi tena kumfukuza mtu. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akanipeleka kwa mama ntilie, akaagiza chai mbili.

Nikamwambia sikuja kubishana. Nimekuja kwa sababu nilipaswa kuja kabla ya kugusa hata jani moja pale, na sikujua.

Akazungusha kikombe chake. "Unajua nilijuaje habari za nyumba ya baba yangu?"

"Sijui kaka."

"Nimepigiwa simu na dalali. Mtu nisiyemjua ananiambia mama yako wa kambo ameingiza watu kwenye nyumba ya marehemu, wahi uuze kabla hawajakudhulumu. Mnunuzi anaye." Akatikisa kichwa. "Mama Zuhura ana namba yangu. Anayo. Habari za nyumba ya baba yangu nazipata kwa dalali."

Hapo nikaelewa kwamba sikuwa nazungumza na mtu anayetaka kuuza nyumba. Nilikuwa nazungumza na mtu aliyesahaulika.

Nikamuuliza arobaini kulitokea nini. Akasema siku ile mwenye lori alikuwa anamsubiri, mzigo unaharibika, akaondoka kabla dua haijaisha. Bi Zuhura akasema mbele ya watu kwamba huyu hakumpenda hata baba yake. Maneno ya msiba, lakini yalimfika.

Chai ikapoa. Halafu akasema maneno ambayo mimi sitayasahau.

"Huo mkataba wako mkiuandika upya, msiandike kama vile mama ana thumuni tu. Kiwanja kile nusu ni pesa yake ya kiinua mgongo. Mzee aliniambia mwenyewe tukiwa tunafyatua matofali. Hakuna karatasi inayosema hivyo. Nakwambia mimi."

Nilishusha kikombe. Mtu huyu angeweza kunyamaza tu. Hakuna ambaye angejua. Sheria ingempa yeye na dada yake karibu nyumba yote, na angekuwa hajavunja chochote.

Nikamuuliza kwa nini ananiambia mimi.

"Kwa sababu wewe umepanda gari mpaka huku," akasema.

Nikamwomba basi aje Mapinga. Akasema atakuja akimaliza lori. Sikumwamini sana.

Ijumaa ya pili baada ya hapo alikuja, na mananasi ya Kiwangwa kwenye mfuko wa salfeti. Rukia naye alikuja na jirani yake kutoka Mkange, wamefunga safari tangu alfajiri. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, maalim alikuwepo, Bwana Hemedi alikuja bila kualikwa akakaa pembeni.

Idrisa akasimama mlangoni. Akasema, "Shikamoo mama."

Bi Zuhura alichelewa kujibu. Alichelewa kiasi cha Rukia kuinamisha kichwa. Halafu akasema, "Marahaba mwanangu. Yale maneno ya siku ile, nayaondoa."

Idrisa akasema yameshaondoka. Akaingia, akaketi mkekani, akaanza kumenya nanasi. Basi. Kikao kilikuwa kimeshaisha hapo, kilichobaki kilikuwa kuandika.

Nafupisha mambo ya ofisini. Waliandika muhtasari wa kikao cha ukoo, wakaupeleka mahakama ya mwanzo, tangazo likabandikwa, muda ukapita, Bi Zuhura na Idrisa wakateuliwa pamoja kuwa wasimamizi wa mirathi. Nusu ya Bi Zuhura ikatambuliwa na wote kwa maandishi, iliyobaki ikagawanywa kwa mujibu wa dini. Mkataba wangu ukaandikwa upya, safari hii na wenye nyumba wote, kila mmoja wetu apate kidogo kila mwezi hata deni likiwa bado, na mwanasheria akausoma mbele yetu kwa sauti. Rukia aliomba kifungu kimoja: kwamba nyumba haiwezi kuuzwa kabla ya mama kuulizwa. Kikaingizwa.

SACCOS wakapokea nakala, wakaachia fedha. Bwana Hemedi akaleta mabati yale yale na mbao mpya.

Siku ya kupaua Idrisa alikuja, akapanda juu na mafundi. Si fundi wa paa, ni fundi wa breki, na mafundi walimvumilia.

Namba za fedha sitaweka humu. Si zangu peke yangu, na bei za vifaa mnajua zinavyotembea. Nitasema hivi: pesa iliisha kabla ya milango. Kila nyumba huwa inaishiwa mahali fulani, yangu iliishiwa kwenye milango na tanki.

Aliyenikwamua alikuwa mpangaji. Kuna muuguzi kijana, mmoja wa wale ambao mama wa kamati aliwapigia simu. Nilimwonyesha chumba bado kinanuka saruji, nikamwambia ukweli kwamba mlango haujanunuliwa. Akaniuliza, "Nikilipa miezi mitatu leo, mlango unapatikana?"

Ukapatikana. Kwa hiyo ukiniuliza wakopeshaji wangu walikuwa wangapi, mimi nahesabu watatu: SACCOS, duka la vifaa, na mpangaji wa kwanza. Hakuna hata mmoja aliyetaka hati. Wote walikuja kuiona nyumba kwa miguu yao, na wote waliuliza mimi ni nani kabla ya kuuliza nina nini.

Leo vyumba vitatu vina watu. Chumba cha nne, cha mbele, amehamia Bi Zuhura. Ametoka kwenye kupanga, yuko kwake. Asubuhi wapangaji wakipita kwenda kazini wanamwamkia, na yule muuguzi humpima presha kila Jumamosi, halafu wanabishana kuhusu dawa, nesi wa zamani na nesi wa sasa.

Deni la mabati nimemaliza ndani ya muda. La SACCOS naendelea nalo, halijawahi kuchelewa. Friji ya Kidawa ipo salama. Fungu la Rukia linakwenda Mkange kwa simu, na kila likifika ananipigia kuniambia limefika, ingawa ujumbe naupata.

Sijatajirika, wakuu. Bado nipo mapokezi. Kinachonibakia kwa mwezi ni kidogo, ila kinakuja bila mimi kusimama kaunta, na ada ya mtoto muhula huu sikuikopa.

Nilichojifunza nitakisema kwa lugha ya kawaida.

Ukitaka kuanza na nyumba, si lazima uanze na kiwanja. Barabara yetu hii imejaa nyumba zilizoishia njiani, na nyuma ya kila moja kuna mtu aliyekwama, sio mtu anayetaka kuuza.

Mkopeshaji wa karibu mtafute kabla hujamhitaji. Akiba yangu ya miaka, ile ndogo ya shule, ndiyo iliyonifungulia mlango. Anayekupa pesa kabla ya adhuhuri bila kukujua, jiulize yeye anategemea kupata nini.

Na wenye nyumba wajue wote. Kopi ya karatasi haitoshi. Uliza nani amefariki, ameacha nani, wako wapi, na mara ya mwisho walisemezana lini. Gharama ya nauli ya Chalinze ni ndogo kuliko gharama zote nilizolipa.

Wiki iliyopita Bwana Hemedi kanipigia simu mwenyewe. Kasema kuna mzee ana pagale Kerege, limefika lenta, kaja dukani kuulizia mabati ya mkopo. Kamwambia asihangaike, kuna dada mmoja atamwambia aje kumwona. Kaniuliza nina la kumuuliza huyo mzee kabla hatujaonana?

Nikamwambia ninalo. Amuulize wako ndugu wangapi, na namba za simu za kila mmoja.

Haya, uwanja ni wenu. Mliojenga kwa SACCOS, mliowahi kumalizia nyumba ya mtu, na hasa mnaojua mambo ya mirathi kuliko mimi, nisahihisheni nilipokosea. Nikitoka zamu jioni nitakuja kuwasoma mmoja mmoja, na safari hii nitasema ahsante.